Thaimasi si mpokeaji tu wa homoni

Makala niliyoisoma inasema eti thaimasi, kiungo cha kifuani ambamo seli T (seli za kinga) hukomaa, hungoja kotisoli, homoni ya msongo, kutoka tezi adrenali zilizo juu ya figo, kisha husinyaa. Hiyo ni nusu tu ya habari. Seli za epithelia za thaimasi (zinazounda kiunzi chake) zenyewe zina kimeng'enya CYP11B1 kinachokamilisha utengenezaji wa kotisoli (kwa panya, kotikosteroni) humo humo ndani. Panya waliozimiwa jeni hiyo kwenye seli hizo pekee, uteuzi wa seli T, yaani kuchuja zipi zibaki na zipi zife, uliyumba ingawa adrenali zao zilikuwa zikifanya kazi. Sasa mbona mwandishi wa makala hiyo hakuigusa AIRE, jeni inayofanya seli za epithelia zizioneshe seli T protini za mwili, hata insulini, ili seli T zisije zikaushambulia mwili? Estrojeni, homoni ya kike, huipunguza AIRE. Mnaoyafuatilia haya, ndiyo sababu wanawake huugua zaidi maradhi ya kinga kujishambulia?