Zimeni Taa Zote Kwanza

Ukikaa kutazama vichupa, yaani video za muziki, ambavyo wanafunzi wa filamu na utangazaji jijini Dar es Salaam hutengeneza kama kazi za muhula, utakutana mara kwa mara na mwimbaji aliyesimama mbele ya ukuta, shavu moja likiwa la zambarau na jingine la buluu. Nyimbo hazifanani, moja ni singeli na nyingine ni ya mapenzi ya taratibu, lakini mwanga ni ule ule, kwa sababu taa ndogo za LED zinazobadilishwa rangi kwa simu sasa zinapatikana kwa urahisi, na mwanafunzi akishazikodi huona kwamba kazi ya taa imekwisha. Mimi naona kwamba hapo haijaanza. Naamini pia kwamba jaribio la kwanza la mwanga katika kichupa cha mwanafunzi lingepaswa kufanywa kwa taa moja nyeupe, ndani ya chumba chenye giza, kabla rangi yoyote haijatajwa.

Muhula uliopita niliombwa kuwasaidia wanafunzi watano wa mwaka wa pili waliokuwa wakishuti kichupa cha mwenzao. Wimbo ulikuwa wa dakika 3 na nusu, wa mtu aliyeachwa, na mahali pa kushutia palikuwa darasa lenye kuta nyeupe waliloruhusiwa kulitumia siku ya Jumamosi. Walikuja na taa tatu za kukodi, na zote zilikuwa zimeshawashwa wakati mwimbaji bado anatengenezwa nywele. Niliwaomba wazizime na wafunge mapazia. “Kaka, sasa si hatutaona kitu?” aliniuliza yule aliyepewa kamera, na swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba giza ndilo karatasi anayoandikia.

Tuliwasha taa moja. Mwanafunzi mmoja aliishika mkononi na kumzunguka mwimbaji polepole, huku mwimbaji akirudia ubeti wa kwanza na kamera ikiendelea kurekodi. Taa ilipokuwa juu ya kamera, uso ulikuwa bapa kama wa picha ya pasipoti. Ilipofika ubavuni, nusu ya uso ilizama, na maneno yale yale yakasikika mazito zaidi ingawa yalitoka kwenye spika ile ile. Ilipowekwa chini ya kidevu, wote walicheka. Ilipofika nyuma ya bega ukabaki mstari mwembamba wa nuru kwenye nywele na sikio, na hapo hakuna aliyecheka. Zoezi zima halikuzidi nusu saa, nami nilijilaumu kidogo kwamba nilipokuwa mwanafunzi nilitumia muhula mzima kukariri majina ya taa kabla ya kuona jambo hilo kwa macho yangu.

Kero yao kubwa zaidi ilikuwa kuta. Walitaka usiku, na darasa likawa linawapa hospitali. Wazo lao la kwanza lilikuwa kupunguza nguvu ya taa, jambo ambalo liliutia giza uso na ukuta kwa kiwango kimoja na halikurekebisha chochote, kwa sababu kinachoutenga uso na ukuta ni umbali. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali wake: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachofika ni robo, na ukiongezeka mara nne, kinachofika ni sehemu moja ya 16. Taa yao ilikuwa mita 3 kutoka kwa mwimbaji, naye alikuwa amesimama mita 1 tu mbele ya ukuta, kwa hiyo ukuta ulipata zaidi ya nusu ya mwanga alioupata yeye. Tulimleta katikati ya darasa, taa tukaisogeza mpaka ikawa mita 1 kutoka usoni pake na mita 4 kutoka ukutani, kisha tukaipunguza nguvu hadi uso ukakaa sawa. Ukuta mweupe uligeuka kijivu cha usiku bila mtu kupaka rangi wala kununua kitambaa cha studio.

Kilichobaki kikituharibia ni mwanga uliogonga ukuta wa pembeni na kurudi kwenye shavu tulilotaka libaki gizani. Hilo lilimalizwa na baibui la mmoja wa wanafunzi, ambalo tulilitandaza juu ya viti viwili vilivyopandanishwa, karibu kabisa na shavu hilo lakini nje ya fremu. Nguo nyeusi huunywa mwanga badala ya kuurudisha, na tangu siku hiyo kundi lile halijatoka kwenda kushuti bila baibui kwenye begi la nyaya.

Katika suala la ngozi, sikubaliani na mafunzo mengi ya mtandaoni, ambayo huonyeshwa kwa nyuso nyeupe na kisha wanafunzi wetu huyanakili pamoja na namba zake. Tatizo hili lina historia ndefu: kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak, kampuni ya filamu za kamera, ilizipeleka kwenye maabara za kusafishia picha ili kulinganisha rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na wapigapicha walizifahamu kwa jina la Shirley. Kamera ya leo haina kadi hiyo, lakini ikiachwa ijipimie yenyewe hufanya hesabu ya wastani na kutaka fremu iwe na ung'avu wa kijivu cha kati. Mwimbaji mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huushusha ukuta na uso wake hupotea. Akijaza fremu nzima mbele ya giza, kamera humpandisha mpaka anapauka kama aliyepakwa majivu. Dawa inayotolewa haraka ni kumwongezea taa, au kumpaka poda nyepesi kuliko ngozi yake, na yote mawili huharibu.

Sisi tulifanya kinyume. Taa tuliigeuzia kwenye shuka nyeupe ya kitanda iliyotundikwa kwa pini upande mmoja wa mwimbaji, ili mwanga umfikie ukiwa umetandaa na laini, kisha dada aliyekuwa akimpamba alimfuta poda na kumgusa mafuta kidogo kwenye mifupa ya mashavu na juu ya paji la uso. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa kile inachokiakisi, kwa hiyo uso wa binti yule ulihitaji kitu kikubwa cheupe cha kuakisi kuliko ulivyohitaji taa nyingine. Shuka ilionekana kama mng'ao mrefu upande mmoja wa shavu, upande wa pili ukabaki na rangi yake halisi ya kahawia nzito, na kamera tuliifunga kwenye mpangilio wa mkono, yaani kiwango cha mwanga tulikiweka wenyewe, ili isibadilishe mawazo katikati ya kiitikio.

Baada ya hapo ndipo niliporuhusu rangi, na jaribio la kwanza likatupa sababu ya kuwa waangalifu nazo. Ngozi ya kahawia huakisi zaidi mwanga wa upande wa wekundu kuliko wa ubuluu, kwa hiyo taa ya buluu peke yake ilipomulika uso ule, macho na meno yalibaki na sehemu nyingine zikawa doa. Taa ya rangi ya machungwa, kwa nguvu ile ile, ilimpa uhai. Kwa hiyo katika jaribio lililofuata buluu tuliipeleka nyuma, kwenye ukuta na kwenye ukingo wa nywele, na usoni tukaacha mwanga mweupe wenye ujoto kidogo.

Umeme nao ulidai sehemu yake. Umeme wa Tanzania una hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde yenye vilele viwili kila mmoja, kwa hiyo taa za bei nafuu zilizounganishwa nao huweza kupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, lakini simu inayorekodi fremu 30 kwa sekunde kwa kasi ya shata ya 1/60, yaani kila fremu ikipokea mwanga kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, huonyesha mistari myeusi ikipanda kwenye picha. Tuliweka fremu 25 na shata 1/50, mistari ikaondoka. Kisha wakataka kiitikio cha mwendo wa taratibu, ambacho hushutiwa kwa fremu 50 huku wimbo ukichezwa kwa kasi mara mbili, ili baadaye mwendo ukipunguzwa midomo ifuate maneno. Shata ikaenda 1/100, na mwanga wote tuliokuwa tumeupanga kwa saa mbili ukawa nusu. Tulilazimika kuisogeza shuka karibu zaidi na mwimbaji na kuiongeza nguvu taa. Nawashauri wanaotaka mwendo wa taratibu waamue hivyo kabla ya kupanga taa, si baada.

Nje nitapita haraka. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi sehemu kubwa ya mwaka na huyageuza macho kuwa mashimo, na jioni, likishazama, nuru nzuri hudumu dakika 20 na kidogo tu. Kwa wimbo wa dakika 3 na nusu, hayo ni marudio manne au matano kama hakuna anayekosea.

Moshi wa kufanya miale ya taa ionekane, kwa upande mwingine, ni wa bei rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mama wa mmoja wao alitukopesha chetezo na ubani, tukafunga madirisha, na darasa likajaa ukungu mwepesi. Taa ilipokuwa mbele haukuonekana kabisa. Ilipowekwa nyuma ya mwimbaji, ikielekea upande wa kamera, miale ilisimama hewani mmoja mmoja. (Ndoo ya mchanga tuliiweka mlangoni, na dirisha tulilifungua kila baada ya marudio, kwa sababu mwimbaji anayekohoa hasaidiwi na miale.)

Ninachokilalamikia ni jinsi kazi hizi zinavyosahihishwa. Fomu waliyopewa ilikuwa na sehemu ya kuorodhesha vifaa vilivyotumika, na haikuwa na mahali popote pa kueleza walijaribu nini, kipi kilishindikana, na kwa nini taa iliwekwa pale ilipowekwa. Mwanafunzi anayeijaza fomu ya namna hiyo hufundishwa kukodi. Ningependa aandike kurasa mbili kuhusu taa moja, akiambatanisha picha za uso mmoja katika pembe tano, na apewe alama hata kwa pembe zilizoharibika, mradi aeleze ziliharibikaje.

Kichupa chao kilikamilika. Sehemu kubwa yake ni taa moja, shuka na baibui. Buluu waliyokuja nayo asubuhi ile inaonekana mara moja tu, mwishoni mwa wimbo, kwenye mlango anaoutazama mwimbaji baada ya mtu kutoka, na uso wake hauguswi nayo.