Pikipiki Iliyoingia Ukumbini

Kwa kuwa mwenye ampu, yaani kile kisanduku cha kukuza sauti nilichomwazima, ameshasambaza simulizi yake, nayo inadai kwamba bibi harusi alizimia, naomba nitangulize sahihisho: bibi harusi hakuzimia, alikaa chini tu. Mengine yote mliyoyasikia kuhusu ile sendofu ya Jumamosi pale Tabata ni ya kweli, ila naona ni afadhali myapate kwangu mimi mwenye aibu kuliko kwa mtu anayenidai spika.

Wapiga vinanda mnaonifuata hapa mmeshakisia. Ndiyo, nilikwenda kupiga kinanda cha vibonye 88 kwa ampu ya gitaa ya wati 15, yenye spika ya inchi 8. Mwenyewe aliponiazima alinikumbusha kwamba ile ni ya gitaa, nami nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba umeme ni umeme. Chumbani kwangu usiku, nikiwa nimeifungulia kidogo kwa kumwogopa jirani, ilitoa sauti nzuri ajabu. Sikuwaza kwamba ukumbini kungekuwa na watu wapatao mia mbili, feni saba na kina mama waliokuja wamejiandaa kwa vigelegele.

DJ, kijana mstaarabu, alinifuata mapema. “Shikamoo, kaka. Nipe waya wako niuchomeke kwenye mixa, utokee kwenye spika kubwa.” Nikamjibu, “Marahaba, mdogo wangu, lakini mimi nimekuja na mtambo wangu.” Nilitamka neno “mtambo”. Mniombee.

Wanaodhani ulikuwa mkosi niwaeleze kidogo. Waya mnene kuliko zote wa gitaa hutetema kama mara 82 kwa sekunde, na spika ya gitaa hutengenezwa kwa kazi inayoanzia karibu na hapo. Noti ya chini kabisa ya kinanda changu hutetema mara 27.5 tu. Isitoshe, ampu ile ina kitufe cha kuikwaruza sauti kwa makusudi, kwa ajili ya wapiga gitaa wanaopenda shari. Nilipoona sisikiki, niliongeza sauti hadi mwisho, na katika kupapasa gizani nikawa nimekibonyeza pasipo kujua.

Taa zikapunguzwa, mlango ukafunguliwa, na bibi harusi akatokea ameshikwa mkono na shangazi yake, macho chini, kama binti aliyefundwa akafundika. Nikaanza kwa mkono wa kulia, polepole, kwa sauti ya ogani. Nilisikia mkwaruzo, nikajidanganya kwamba ni vumbi kwenye jeki, lile tundu la waya. Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Hapo nikaona kwamba wakati wa kuonyesha ufundi umewadia, nikauinua mkono wa kushoto juu kuliko ilivyohitajika, nikaushusha kwenye noti za chini kabisa, na mguu nikaukandamiza kwenye pedali ya kushikilia sauti.

Kilichotoka ni pikipiki iliyokatwa ekzosi, inapanda mlima na abiria watatu na gunia la mkaa. Bibi harusi alisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Shangazi aligeuka kutazama mlangoni. Mshereheshaji, ambaye hata sasa simlaumu, alichukua kipaza sauti akasema kwa heshima zote: “Tunamwomba ndugu yetu mwenye bodaboda hapo nje azime, msafara unaingia.”

Nikainua mikono yote miwili. Ukumbi mzima ukaiona mikono yangu iko juu, kama ya mtu aliyekamatwa na polisi, na ngurumo inaendelea. Mguu, ndugu zangu! Hofu ilikuwa imeugandisha kwenye pedali, na sauti ya ogani haififii kama ya piano; itanguruma hadi mguu utoke. Mzee mmoja wa meza ya mbele alisema, “Kinajipiga chenyewe,” na mama aliyekaa jirani yake akauvuta mkoba wake taratibu, akaupakata. Bibi harusi akatafuta kiti. Ndipo ikasikika kama kanga inayochanwa, kisha kimya, na kaharufu ka kuungua.

DJ alikuja bila kusema neno, akachomoa waya, akauchomeka kwenye mixa, na dakika mbili baadaye kinanda kilikuwa kinalia kitamu, bibi harusi ameingia upya na watu wanatunza. Spika nitailipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwenye ampu apunguze kuandika.

Leo asubuhi shangazi wa bibi harusi amenipigia simu. Mjukuu wake ana kipaimara mwezi ujao, na anataka kinanda. “Uje, mwanangu, unapiga vizuri sana,” aliniambia. “Ila ile pikipiki uiache nyumbani.”