Ngano ya Altare na Uwele wa Ugogo

Katika kigango kimoja cha vijijini, kusini ya mji wa Dodoma, niliwahi kukaa benchi la mbele wakati wa matoleo, nikaona jambo ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulifikiri. Akina mama watatu walikuja kwa mwendo wa ngoma, mmoja akiwa na kibuyu cha maziwa, wa pili amekumbatia kuku aliyefungwa miguu, wa tatu amebeba ungo uliojaa uwele uliokwisha kupurwa na kupepetwa. Nyuma yao alifuata kijana mwenye kisahani cha hostia, vile vimkate vyembamba vya Misa, na vichupa vya divai na maji. Padre alivipokea vyote kwa heshima ileile, lakini kisahani na vichupa vilipanda altareni, na ungo wa uwele ukawekwa chini, penye ngazi, ukabaki hapo mpaka Misa ilipokwisha. Kati ya ungo na kisahani palikuwa na hatua tatu hivi.

Padre hakukosea. Taratibu za Misa zinaagiza kwamba vipaji kwa ajili ya maskini na Kanisa viwekwe mahali panapofaa, mbali na meza ya Ekaristi. Hata hivyo hatua hizo tatu zina swali ndani yake, nalo limeulizwa na Waafrika wenye imani nzuri na elimu nzuri: kwa nini Mwili wa Kristo, katika nchi inayoishi kwa uwele na mtama, uje daima katika umbo la ngano, nafaka ambayo wengi wa wanaoupokea hawajawahi kuiona shambani?

Sheria yenyewe haina utata. Kanuni ya 924 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inataka mkate uwe wa ngano tupu, uliotengenezwa karibuni ili usiharibike, na divai iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu. Maagizo yaliyotolewa Roma mwaka 2004 yalieleza zaidi kwamba mkate wa kitu kingine, hata kama ni nafaka, haufai kwa sakramenti hii. Uzito wa neno hilo ueleweke. Kwa Mkatoliki, uwele ukiwekwa mahali pa ngano, Ekaristi haipo kabisa, hata kama padre ametamka maneno yote ya Sala ya Ekaristi bila kukosea herufi. Wanaopiga magoti watakuwa wamepigia magoti chakula cha kawaida. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuamuliwa na parokia moja, wala na askofu mmoja mwenye moyo mwema.

Hapo hoja ya kwanza huzuka, nayo si ya kitoto. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulifundisha mwaka 1551 kwamba katika mageuzo uwamo wote wa mkate, yaani kile kinachoufanya uwe mkate, hugeuka kuwa uwamo wa Mwili wa Kristo, na uwamo wote wa divai kuwa uwamo wa Damu yake, yakibaki maumbo tu. Basi ikiwa ngano yenyewe haibaki, kuna ubaya gani iwapo kilichotangulia kilikuwa uwele? Jibu ni kwamba sakramenti ni ishara inayotenda kile inachokionyesha, na maumbo yanayobaki ndiyo ishara yenyewe. Kinachobishaniwa, kwa hiyo, ni kile ambacho ishara hii inapaswa kukisema, na kwa nani.

Wanaotetea nafaka ya nyumbani husema ishara ya Ekaristi ni chakula, na chakula hakina maana moja kila mahali. Sisi Wakatoliki husali «utupe leo mkate wetu wa kila siku», ilhali Biblia ya tafsiri ya Union, katika Mathayo 6:11, inasema «Utupe leo riziki yetu». Wafasiri wake walitambua kwamba kwa msikilizaji wa Kiswahili mkate ni kitu cha dukani, kinacholiwa kwa chai asubuhi na wenye uwezo, wala si jina la kile ambacho mtu akikikosa atakufa. Ugogoni, yaani huku Dodoma, kitu hicho ni ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda. Wazee walirithishwa kumbukumbu ya Mtunya, ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, wakati majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana, na watu wakatawanyika huku na huko wakitafuta cha kutia kinywani. Katika nchi yenye kumbukumbu ya namna hiyo, chembe za uwele kwenye ungo zinasema kitu ambacho hostia nyembamba iliyotoka mjini ndani ya mfuko haikisemi. Zinasema: bila hiki usingekuwapo. Ni jambo lilelile ambalo Kristo alilisema juu yake mwenyewe katika sura ya sita ya Injili ya Yohane, tena baada ya kuwalisha watu mikate mitano ya shayiri, iliyokuwa mikate ya maskini.

Padre Jean-Marc Ela wa Kameruni, aliyeishi miaka mingi miongoni mwa wakulima wa mtama wa kaskazini ya nchi yake, aliuliza pia juu ya utegemezi: Kanisa linawezaje kuwahubiria wakulima ukombozi, huku likiwafundisha kwamba jasho lao halifai kufika altareni mpaka kije kitu kutoka kwa wengine? Swali hilo linauma, na sioni haki ya kulipita kwa kusema tu kwamba Roma imekwisha kuamua.

Upande wa pili nao una mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kukutana na pingamizi hili, kwamba ngano na mzabibu havioti katika kila nchi, akajibu kwamba kiasi kinachohitajika kwa sakramenti ni kidogo na chaweza kusafirishwa popote. Jibu hilo ni la kiutendaji tu, na kwa maoni yangu halifiki penye kidonda. Jibu zito zaidi ni kwamba Kanisa linajiona mtumishi wa sakramenti. Trento ilisema kwamba Kanisa laweza kubadili mengi katika namna ya kuziadhimisha, lakini bila kugusa kiini chake. Ndiyo sababu Wakatoliki wengi wa Mashariki hutumia mkate uliotiwa chachu na sisi wa Kilatini mkate usiotiwa chachu, bila yeyote kumwambia mwenzake kwamba Ekaristi yake ni batili, kwa kuwa chachu ilihesabiwa kuwa katika yale yanayoweza kutofautiana, na ngano katika yale yasiyoguswa.

Na kwa nini isiguswe? Kwa sababu Ekaristi haionyeshi chakula kwa jumla. Inaonyesha usiku mmoja, katika mji mmoja, Myahudi mmoja alipotwaa mkate na kikombe, akasema maneno ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuyasema. Neno alitwaa mwili mahali fulani na si kila mahali kwa pamoja, na ngano na zabibu ni alama ya umahali huo. Ni kama jina la mtu, ambalo hubaki lilelile hata anapohamia kwa watu wa lugha nyingine. Yeye mwenyewe, akikaribia kifo chake, alisema: «Chembe ya ngano isipoanguka katika nchi, ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake.»

Ni lazima hapa niseme ukweli unaopunguza nguvu ya hoja hii. Injili hazisemi kwamba mkate wa Karamu ya Mwisho ulikuwa wa ngano, zinasema mkate tu, na desturi ya Kiyahudi iliruhusu nafaka zaidi ya moja kwa mkate wa Pasaka, shayiri ikiwamo. Kinachoibeba ngano ni mapokeo, yaliyotamkwa waziwazi na Mtaguso wa Firenze mwaka 1439. Kwa Mkatoliki hilo si jambo dogo, kwani mapokeo ndiyo yaliyotufikishia hata Injili zenyewe. Lakini anayetetea ngano akubali kwamba anategemea mapokeo, asijifanye kusoma katika Maandiko neno ambalo halimo. Aidha, si kweli kwamba sheria hii imewalenga Waafrika. Barua ya Roma ya mwaka 2017 iliwakumbusha maaskofu wa dunia nzima kwamba hata wagonjwa wasiovumilia gluteni, protini iliyomo katika ngano, hawawezi kupewa hostia isiyo na gluteni kabisa. Wanaruhusiwa ile yenye gluteni kidogo, au kupokea kwa umbo la divai peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo hapa Dodoma linaonekana vizuri kuliko penginepo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, na tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016, mabenchi ya parokia za mjini yamejaa Wahaya, Wachaga, Wasukuma, Wanyakyusa na Wangoni, kando ya Wagogo na Warangi. Kama chakula cha altare kingefuata chakula cha nyumbani, kingekuwa cha nyumba ya nani? Uwele ni wa wenyeji, lakini kwa aliyelelewa na ndizi za Bukoba nao ni mgeni kama ngano. Ngano, kwa kutokuwa ya yeyote kati yetu, haimpi yeyote kiti cha mbele. Mpinzani atajibu kwamba ngano nayo ina wenyewe, huko Mediterania, na atakuwa amesema kweli. Lakini wenyewe hao hawako benchini kudai ukubwa, na sisi tuliopo tunakwenda kukomunika kwa mstari mmoja.

Tena ugeni si tabia ya kudumu ya mmea. Mzabibu uliletwa Dodoma na wamisionari, na misheni ya Bihawana ndiyo inayotajwa zaidi watu wanaposimulia mwanzo wake. Leo mkulima wa Hombolo au Mpunguzi hupogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara mbili, kwa kuwa ukame uleule unaowaua watu kwa njaa ndio unaoikoza zabibu vizuri. Nimewahi kumtazama mzee mmoja akipogoa. Alishika tawi kwa vidole viwili, akalipindua kutazama macho yake, akakata juu kidogo ya jicho la pili, na utomvu ukadondoka kama machozi. Hakuuliza ni tawi gani. Mtu wa namna hiyo akisomewa Yohane 15, kwamba tawi lisilozaa huondolewa na lizaalo husafishwa lizidi kuzaa, hahitaji mhubiri wa kumfafanulia. Nusu ya ishara ya Ekaristi imekwisha kuwa ya Ugogo, bila sheria yoyote kubadilishwa. Nusu ya pili haiko mbali sana: ngano hulimwa Basotu, wilayani Hanang, ukipita Singida kuelekea kaskazini.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa ngano, wala sisimami kwa shingo upande. Lakini nadhani watetezi wa uwele wamegusa kosa ambalo ni letu. Mwongozo wa Misale ya Kiroma, namba 321, unasema maana ya ishara inadai kwamba kile kinachotumika katika Ekaristi kionekane kweli kuwa chakula, na kwamba mkate uwe wa kuweza kumegwa na kugawiwa angalau waamini kadhaa. Tumefanya nini na agizo hilo? Tunatumia hostia nyembamba kama karatasi, kila mmoja na ya kwake iliyokatwa tayari, nyingine zimetolewa tabernakulo ambako zimekaa tangu Misa ya juzi. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza aliniuliza kama ni kweli ni mkate, na nilitambua kwamba kumwamini Kristo katika umbo hili kulikuwa rahisi kwake kuliko kuamini kwamba limetokana na unga. Mkate wa ngano tupu, usio na chachu, mnene kidogo, uliookwa na masista wetu na kumegwa mbele ya macho ya watu, ungejibu sehemu kubwa ya malalamiko ya wanaodai ishara inayosema, na hauhitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Tena kuna lile neno «kila siku». Tumebishana sana juu ya «mkate» na kuliacha hili. Katika vigango vingi vya mbali padre hufika mara moja kwa mwezi, na barabara zikiharibika kwa mvua hata mwezi hupita. Jumapili nyingine zote katekista huongoza ibada ya Neno, watu wanaimba, wanatoa sadaka, wanaombeana, kisha wanarudi nyumbani bila kukomunika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita Ekaristi chemchemi na kilele cha maisha yote ya Kikristo, na watu hawa huifikia chemchemi hiyo mara kumi na mbili kwa mwaka wakibahatika. Ningekuwa na nafasi ya kumwuliza askofu swali moja tu, ningeuliza juu ya hilo kabla ya kuuliza juu ya nafaka.

Siku ile kigangoni, baada ya baraka ya mwisho, padre aliondoka haraka kwa kuwa alikuwa na Misa nyingine mbele. Katekista alibaki. Aliuinua ungo penye ngazi ya altare, akaugawa uwele katika vifuko vinne kwa kikombe cha plastiki, akawaita viongozi wa jumuiya wawapelekee wagonjwa ambao padre alikuwa amewapelekea Komunyo asubuhi ile kabla ya Misa. Mama aliyeuleta alisimama pembeni akisubiri apewe ungo wake.