Lettow-Vorbeck: hesabu ya miaka miwili ya mwisho

Novemba 1914, jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, liliteremka Tanga. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, alisafirisha vikosi vyake kwa reli kutoka Moshi na, akiwa na wapiganaji elfu moja hivi, wengi wao Waafrika, akawarudisha wavamizi melini.

Wanaomsifu hawamsifu bure. Baada ya kushinda mapigano ya Jasin, Januari 1915, alitambua kwamba ushindi wa namna ile ungemmalizia maofisa na risasi, akabadili mbinu. Nia yake ilikuwa kuwalazimisha Waingereza walete Afrika Mashariki nguvu ambazo zingekwenda Ulaya. Alikuja kujisalimisha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini. Kwa ustahimilivu na akili ya uwanjani, ni makamanda wachache wa vita ile wanaomfikia.

Lakini ukimpima kwa lengo lake mwenyewe, mambo yanabadilika. Wengi wa waliomfukuza walikuwa Wahindi, Wanigeria na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), na London haikuwa na mpango wa kuwapeleka Waafrika hao kwenye mahandaki ya Ufaransa. Ujerumani ilipata nafuu ndogo.

Gharama wakalipa wenyeji. Jeshi lake liliishi kwa chakula cha vijiji, likakamata wanaume wabebe mizigo, likaacha mashamba matupu. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo, na wapagazi wao walikufa kwa makumi ya maelfu. Ugogo ikaingia katika njaa ya Mtunya. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae nje ya vita; alikuwa akilinda mali ya Wajerumani, wala sidhani Waingereza wangeliacha hata hivyo. Ila kufikia Septemba 1916, Dar es Salaam, Tabora na Reli ya Kati vilikuwa vimekwisha kutekwa. Kilichofuata, kuanzia mapigano ya Mahiwa, kusini mwa koloni, hadi Msumbiji na kurudi, kiliua watu wengi kwa faida ambayo mimi siioni. Hapo ndipo ninapomlaumu.

Kwenye siasa alianguka mapema. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la mapinduzi la Kapp dhidi ya serikali halali, akapoteza cheo jeshini. Aliingia bungeni 1928 kwa tiketi ya chama cha kihafidhina cha DNVP, na 1930 akakihama chama hicho. Watetezi wake hukumbusha kwamba hakuwa mtu wa Hitler, na hilo lina uzito wake. Hata hivyo Wanazi walilitumia jina lake vizuri: mwaka 1939, kambi ya jeshi iliyoitwa kwa jina lake huko Hamburg ilipambwa kwa michongo ya askari Waafrika na wapagazi wakimfuata ofisa wa Kijerumani kwa utii.

Simulizi la jemadari asiyeshindwa na askari mwaminifu lilikuwa silaha ya waliodai Ujerumani irudishiwe makoloni. Kwamba askari wengi walitoroka miaka ya mwisho, wakiwa hawajalipwa, halikusemwa. Na lilidumu: alipozikwa mwaka 1964, waziri wa ulinzi Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa koloni hilohilo, bado alimsifu kama mtu ambaye hakushindwa vitani. Huo ndio ushawishi wake wa kisiasa, mkubwa kuliko miaka yake miwili ya ubunge.