Mapacha, vinasaba na asilimia inayosomwa vibaya

Mwanamume akisoma kwamba saratani ya tezi dume hurithiwa kwa asilimia 42, humkumbuka kwanza baba yake, kisha hujitazama mwenyewe. Namba hiyo ilichapishwa mwaka 2000 na watafiti waliopitia jozi 44,788 za mapacha wa Sweden, Denmark na Finland, na kazi yao ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba msomaji anaichukua kama uwezekano wake yeye wa kuugua, na sivyo ilivyo.

Mapacha wa yai moja wana vinasaba karibu vilevile. Wa mayai mawili hushiriki wastani wa nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Jozi zote hizi zimelelewa nyumba moja na kula chungu kimoja. Basi ugonjwa ukiwakuta wa yai moja kwa pamoja mara nyingi zaidi, mtafiti huhesabu kwamba ziada hiyo imetokana na vinasaba. Hesabu ni nyepesi, kazi ni kusubiri. Denmark ilifungua daftari lake la mapacha mwaka 1954, na chuo kikuu cha King's College London kimekuwa kikiwafuatilia wa kwake tangu miaka ya 1990 mwanzoni.

Subira hiyo imelipa. Chukua baridi yabisi: utafiti wa Uingereza wa mwaka 1993 ulikuta kwamba pacha wa yai moja akiugua, mwenzake naye huugua kwa takriban asilimia 15, na kwa wa mayai mawili ni kama asilimia 4. Vinasaba vina mkono wao hapo, bila shaka. Lakini hao 85 kati ya kila 100 waliobaki wazima wana vinasaba vilevile vya mgonjwa! Binafsi naona hao ndio wa kuchunguzwa zaidi.

Wapinzani husema wa yai moja hufanyiwa mambo sawa kupita kiasi, tangu nguo hadi shule, hivyo malezi yanahesabiwa kama damu. Hoja hii ilijibiwa kiasi: wako mapacha ambao wazazi wao walikosea, wakadhani ni wa yai moja kumbe sivyo, na kufanana kwao kumefuata zaidi vinasaba kuliko dhana ya wazazi. Hoja ya tumboni ni nzito zaidi. Takriban theluthi mbili ya mapacha wa yai moja hutumia kondo moja la nyuma, ilhali wa mayai mawili kila mmoja ana lake. Usawa wa mazingira basi umeshavunjika kabla ya kuzaliwa.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni kitu kingine. Asilimia ya urithi hupima tofauti za watu katika jamii fulani, wanaoishi maisha fulani. Urefu wa mwili Ulaya hukadiriwa kurithiwa kwa karibu asilimia 80, kwa sababu karibu kila mtoto huko anashiba na anapata kliniki. Tofauti zinazobaki ni za vinasaba. Pale ambapo mtoto mmoja anashiba na mwingine amedumaa, chakula hushika sehemu kubwa ya tofauti hizo, na asilimia hushuka bila kinasaba hata kimoja kubadilika. Kwa hiyo ile 42 haimpi yule mwanamume uwezekano wake wa kuugua. Cha kumweleza daktari ni kama baba au kaka yake aliwahi kuugua, na akiwa na umri gani.

Kwa sababu hiyohiyo, namba za Ulaya Kaskazini hazifai kubebwa na kutuliwa Shinyanga. Wayoruba wa Nigeria wanajulikana duniani kwa wingi wa mapacha, na bado sehemu kubwa mno ya tafiti hizi imefanywa kwa watu wa Ulaya, Marekani na Australia. Guinea-Bissau, nchi ndogo isiyo na fedha, imeweza kuanzisha daftari la mapacha mjini Bissau. Sisi tunaowaita watoto Kulwa na Doto tunashindwa nini kuanza na kadi za kliniki?