Maji ya bati na maji ya Zigi

Masika yakianza Tanga, pita Ngamiani mvua ikiporomoka uone ndoo, mabeseni na masufuria yalivyopangwa chini ya mapaa. Mvua ikikatika, mjadala wa barazani ni uleule wa kila mwaka: mji unaonyeshewa namna hii una haja gani ya kungoja bomba? Wako wanaosema kila nyumba ifunge mifereji kwenye bati na kuweka simtanki, bomba liwe la akiba. Wako wanaojibu kwamba bili tunalipa, kuleta maji ni kazi ya mamlaka, na maji ya bati ni ya kufulia na kudekia tu.

Wa kwanza wana hesabu nzuri mkononi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tanga mjini hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, Mei ikiongoza. Paa la mita za mraba 60, hata ukitoa sehemu ya tano inayomwagika na kukauka, linakupa zaidi ya lita 57,000. Familia ya watu watano ikitumia madumu matano ya lita 20 kwa siku, mwaka mzima haifiki lita 37,000. Kwa hiyo bati linatosha, na chenji inabaki.

Ila bati halilipi kwa mwezi kama mshahara. Linamwaga fungu kubwa masika, linaongeza kidogo kwenye rasharasha za mchoo, linarudi vuli, kisha Januari na Februari linakunyima. Tangi la lita 1,000 lililojaa, kwa familia ileile, ni siku kumi. La lita 5,000 ni siku hamsini, na hapo mtu angekaribia kuuvuka ukavu. Sasa lipeleke tangi hilo kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, watu ishirini chini ya paa moja. Siku hamsini zinakuwa kumi na mbili na nusu. Na ua wenyewe, ukishatoa jiko, choo na kamba za nguo, una nafasi gani ya tangi la ukubwa huo?

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, na kwangu mimi ndilo kiini. Maji yetu ya bomba yanatoka bwawa la Mabayani, lililojengwa miaka ya 1970 kwenye mto Zigi, na Zigi unashuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani. Mto huo una maradhi mawili tofauti. Mvua kubwa ikipiga mashamba ya kando ya mto yaliyolimwa mpaka ukingoni, au mahali palipochimbwa dhahabu, udongo unateremka na maji yanakuja mekundu. Kuyasafisha kunataka dawa nyingi na muda. Kiangazi, kinyume chake, mto unanywea. Bati ni dawa ya maradhi ya kwanza, tena dawa kamili, kwa sababu siku Zigi unapobeba tope ndiyo siku paa lako linapojaza tangi. Kwa maradhi ya pili bati halifui dafu, maana mawingu yanayounyima mto ndiyo yanayolinyima paa.

Anayesema maji ya bati ni ya kufulia tu anasahau visima vya karibu na bahari, ambavyo maji yake yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Mbele ya maji hayo, ya mvua ni neema kwa chai na kwa wali. Lakini hoja yake ya usafi ina uzito. Kunguru wa mji huu wanadondosha juu ya mapaa mifupa, vichwa vya samaki na kila uchafu, na bati kuukuu lina kutu. Mvua ya kwanza lazima iachwe ioshe paa, tangi lifunikwe, na maji ya kunywa yachemshwe. Kufunika si suala la vumbi pekee: mwaka 2019 homa ya dengi ilipoenea nchini, Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika zaidi, na mbu wa dengi huzaa kwenye maji safi yaliyotuama majumbani. Pipa lililoachwa wazi chini ya paa linaweza kuwaumiza majirani wote.

Tangi la kiangazi, basi, ni msitu. Udongo wa Amani chini ya miti hunywa mvua na kuiachia polepole kwenye vijito muda mrefu baada ya mawingu kuondoka. Eneo hilo ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na wakulima wa kando ya mto wana umoja wao wa kuhifadhi, UWAMAKIZI. Lakini mkulima wa iliki kule juu naye ana watoto wa kusomesha. Kumwambia aache mita kadhaa za ukingo bila kulima, ili sisi wa Chumbageni tuoge Februari, bila kumpa chochote, ni kumtwisha mzigo wetu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wenye faida kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12. Fedha za aina hiyo zinapopatikana, natamani hesabu ya mabomba na ya ukingo wa mto ziwekwe meza moja.

Ndiyo maana naunga mkono matangi, ila nina hofu nayo. Mwenye uwezo akishajaza lita zake 5,000, sauti yake juu ya Zigi itapungua, na yeye ndiye anayesikilizwa. Mpangaji hana paa. Hawezi kupigilia mfereji kwenye bati la mtu, na akihama hawezi kuubeba. Halmashauri ingeweza kudai mifereji na tangi kwenye kila kibali kipya cha ujenzi, na kwa nyumba za zamani mwenye nyumba akaingiza gharama kidogo kidogo kwenye kodi kwa makubaliano ya maandishi. Bila hivyo, Mei itakuja na maji yake, na mama wa chumba cha nne atakuwa mlangoni usiku, amekinga ndoo mbili, akisubiri zijae aamshe watoto wamsaidie kuziingiza ndani.