Kikundi cha kuzikana kianze kazi mgonjwa akiwa hai

Mtaa wetu huku Mbagala ukifiwa, hakuna anayehitaji kuelekezwa. Turubai linafungwa, viti na masufuria vinatoka stoo ya kikundi, vijana wanajua nani anakwenda makaburini, na mweka hazina keshafungua daftari. Kwa misiba, Dar es Salaam tumejipanga kuliko kwa jambo lolote jingine, mvua za masika zikiwemo.

Tatizo langu ni miezi ya kabla ya hapo. Mgonjwa wa saratani karudishwa nyumbani, familia imeambiwa hakuna tena matibabu ya kumponya. Majirani tunapita Jumapili na machungwa, "pole mama, Mungu yupo", tunaaga. Anayebaki ni binti mmoja aliyefunga genge lake. Asiyejiweza kitandani anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asipate vidonda. Mtu mmoja ataweza wapi? Nimemkuta dada amesinzia ameketi sakafuni, mkono umeshika ukingo wa godoro, khanga za mgonjwa zimelowekwa kwenye ndoo pembeni. Kwenye daftari letu mama yake alikuwa hadaiwi hata shilingi. Yaani jeneza lake tulikuwa tayari kulinunua.

Ninachotaka ni katiba za vikundi vya kufa na kuzikana ziongezwe kipengele cha kuuguza. Zamu za usiku. Mtu wa kufua, mtu wa kuchota maji yakikatika, kijana wa bodaboda wa kufuata dawa hospitali ya saratani ya Ocean Road. Na wanaume tuingie ndani, tusiishie kukaa nje kwenye benchi.

Kule Kerala, India, wamefanya hivyo tangu miaka ya 1990 kuelekea 2000. Walimu, wanafunzi na wenye maduka wa wilaya ya Malappuram walifundishwa kuhudumia wagonjwa majumbani wakishirikiana na wauguzi, na kaya zikachangia kidogo kidogo. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaiingiza kwenye sera yake tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

Mafunzo ni lazima, maana jirani asiyejua hudhuru. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hunywewa kila baada ya saa nne, maumivu yasipate nafasi ya kurudi. Huku kwetu kuna wanaoiita dawa ya kukatia roho. Wanamnong'oneza binti aipunguze, na mgonjwa analia usiku kucha wakati chupa iko kabatini. Ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu, inatuliza maumivu, haikatishi roho.

Ugumu wa kweli ni siri. Familia nyingi hazitaki mtaa ujue anaumwa nini, na kwa umbea wetu siwalaumu. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe ndiye achague wawili watatu wa kuingia chumbani, na atakayetoa habari nje apigwe faini kama anayekwepa kuzika.

Viongozi watasema hela hakuna. Hela ya nyama ya pilau ipo kila msiba. Ipunguzwe, inunue sabuni na pampasi za watu wazima. Nimeshamwomba katibu aiweke hoja hii mwanzoni mwa kikao, kabla ya michango, kwa sababu michango ikishasomwa watu huanza kuchomoka.